Merikebu ya Khufu Isiyo na Msumari

Sogeeni, Saud na nduguyo Wadha, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya sitayarudia.

Nyumba hii ya Ibra na shamba la mitende vitagawanywa kwa sharia, na hapo hamna ugomvi. Mnachogombea ni ile merikebu ndogo ya majlisini, pale tunapopokea wageni, niliyoiunda na marehemu mama yenu, Ghaniya, kwa mfano wa ile ya mfalme wa Misri. Mwalimu wetu Mwingereza, kule Unguja, akimwita Keopsi, jina la Wayunani. Yeye ni Khufu, mwiteni jina lake. Mie nilichonga mbao, mama yenu akashona kwa kamba za makumbi, kwani mafundi wa Khufu hawakupiga misumari, walifunga kwa kamba, kama mitepe yetu ya zamani.

Juzi mlidhani nimelala, nami nawasikia. Wadha akasema, "Kaka, wewe hata uzi huwezi kuutunga sindanoni, utaifanyia nini?" Na Saud akajibu, "Na wewe, bibiye, tezi na omo, nyuma na mbele ya chombo, huzijui." Tena kila mmoja amenijia kwa siri, nimuusie yeye. Siwezi. Mrithi hausiwi, ndiyo sharia, fungu lake analo tayari.

Basi nimeifungua. Imo kashani, chini ya kitanda hiki, vipande vipande, kama ile ya Khufu ilivyofukiwa shimoni kando ya piramidi lake. Nawashauri tu, mkiridhiana: Saud achukue mbao, Wadha achukue kamba na sindano ya mama yake. Mbao bila kamba ni kuni, na kamba bila mbao ni ya kufungia mbuzi.

Alipokufa mama yenu ubao mmoja ulilegea, nikajaribu kuushona peke yangu, nikashindwa. Kamba huisukuma aliye ndani, akaipokea aliye nje. Mkono mmoja haufiki.

Khufu alizikiwa merikebu. Mie msinizike na kitu, wala kaburi langu lisijengewe, sanda yatosha. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, chini tumboni mwa chombo, na ngama yangu ni udongo.

Wadha, nipe maji. Taratibu... Alhamdulillahi.

Radhi zangu mnazo, nyote wawili, sawasawa. Mola awaunge. Anzeni na ubao wa chini, ule mpana. Saud, wewe kaa nje, ushike. Nduguyo akisukuma kamba... ipokee. Ipokee, mwanangu, usimwachie.