Nyonga Yangu na Ng'ombe Niliyemsingizia

Jumapili, tarehe 16 Novemba 2008. Manyunyu asubuhi, kisha jua hafifu. Leo nimetoa ushuhuda kanisani hapa Rongai. Niliusoma kutoka kwa daftari hili, kwa sababu nikisimama mbele ya watu husahau. Nilisema hivi:

Ndugu zangu, sijui kama huu ni ushuhuda wa kutosha. Wengine hapa wamepitia makubwa. Mimi ni nyonga tu, ya kulia.

Mwaka jana nikiwa na miaka thelathini na saba nilianza kushindwa kuchuchumaa nikikamua. Ng'ombe wetu alizoea kukamuliwa upande wa kulia tangu alipozaa mara ya kwanza. Upande huo mguu wangu ulikataa, basi nikahamia kushoto. Huko hakunijua. Alipiga teke, ndoo ikaanguka, na mimi pia. Mara ya tatu nikamwambia mama watoto ng'ombe ameharibika. Mambo ya mguu sikusema. Nikamuuzia jirani, na nikamwonya mbele ya watu kwamba ni mkali.

Jirani huyo yuko hapa, sitamtaja. Baada ya wiki mbili alikuja kwangu.

"Boss, huyu ng'ombe hajainua mguu hata siku moja."

"Atainua. Ngoja tu."

"Wewe ndio huinui mguu. Nimekuangalia kutoka kwa geti mpaka hapa, unauburuta kama jembe."

Mama watoto alicheka, halafu akauangalia mguu wangu. Mimi sikukasirika. Sikuhisi kitu. Kesho yake jirani alinipeleka hospitali Nakuru.

Picha ilionyesha mfupa unasaga mfupa. Wakasema ni arthritis, ugonjwa wa viungo kuchakaa. Nilidhani hiyo ni ya wazee. Nikatumwa kwa daktari wa mifupa Nairobi, akanieleza njia mbili. Ya kwanza, kukata kichwa cha mfupa wa paja na kuweka nyonga nzima ya bandia. Hiyo imezoeleka, lakini kwa mtu wa umri wangu mwenye kazi nzito inaweza kuchakaa nikiwa bado nina nguvu, na kuirudia ni kazi ngumu. Ya pili, kuchonga kichwa hicho kidogo, kukivika kofia ya chuma, na kuweka kikombe cha chuma pale kinapokaa. Mfupa unabaki, na kofia ikichakaa bado kuna nafasi ya nyonga nzima. Lakini shingo ya mfupa inaweza kuvunjika, na chuma kikisugua chuma kuna vumbi lake linalobaki mwilini. Alisema hajui miaka mingi italeta nini. Hakunificha, hilo lazima niseme.

Mzee mmoja wa kanisa alinikanya. "Kijana, hiyo ni kupiga mabati mapya juu ya mbao zilizoliwa na mchwa. Toa yote."

Nilimpelekea daktari maneno hayo vile yalivyo. Akasema, "Mzee amesema kweli. Nikifungua nikute mbao ni mbovu, nitatoa yote. Utakubali?"

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoacha kuficha ubovu wangu. Niliweka sahihi kwa zote mbili, bila kujua nitaamka na ipi.

Tarehe yangu ilikuwa Januari. Barabara zikafungwa kwa ghasia za baada ya uchaguzi, ikapita. Watu walikuwa wanapoteza zaidi ya nyonga, kwa hivyo sikuuliza. Nilipasuliwa Aprili. Nilipoamka, nesi akasema mfupa ulikuwa mzuri, wameweka kofia. Mama watoto akalia. Mimi niliangalia dirisha.

Sasa natembea bila magongo. Mwezi wa tisa niliruhusiwa kuchuchumaa, na nimerudi kukamua, ng'ombe mwingine tuliyemnunua. Itadumu miaka mingapi, sijui. Furaha mnayoniuliza bado haijafika, na sitaki kuwadanganya. Lakini asanteni. Mama watoto aliniosha wiki nyingi. Mzee alinikanya kwa nia njema. Na jirani, nakuomba msamaha mbele ya wale wale walionisikia. Nilikuuzia ng'ombe mzima nikamwita mkali. Yeyote anayeumwa hapa, aseme ni yeye anaumwa, asitafute wa kumbebesha.

Jirani akajibu akiwa kwa benchi, "Nimesamehe. Lakini simrudishi." Watu wakacheka. Mimi pia, kidogo.

Jioni tulikula githeri ya mahindi na maharagwe, na parachichi. Sufuria ilikuwa chini kando ya jiko. Mama watoto alitaka kuinuka, nikamwambia akae. Nilichuchumaa nikampakulia kila mtu, kisha nikajipakulia.