Swali Moja la Mtaa Wetu

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba cha Mama Birika. Chumba hicho kimoja ndicho jiko, ndicho stoo, ndicho pa kulala, na kahawa hutoka dirishani. Siku hiyo kijiwe kilichemka kuliko birika lenyewe. Jiji lilikuwa linapitia upya sera zake za makazi, na alasiri ile wananchi waliitwa ukumbi wa shule kutoa maoni. Kila mtaa, swali moja. Moja tu! Sisi tunaogombana hata juu ya nani kamaliza sukari, leo tukubaliane swali moja! Mimi ni fundi cherehani, hapa wananiita Sindano, na nilikuwa nimeiacha suruali ya mteja na mguu mmoja ili nisipitwe.

Rasimu ya jiji ilisema hivi: nyumba zetu zivunjwe, yajengwe maghorofa, na kila mpangaji arudi apewe nyumba yake. Nondo, anayekunja vyuma vya zege kwenye majengo ya watu, alikuwa ameshalichora jengo letu kwa chaki pale ukutani, ghorofa nane, na tulikuwa tumeshagawana.

NONDO: Mimi ya nane, na sishuki hata mnibembeleze! Nimefunga maghorofa mangapi ya watu, sijalala hata kwenye moja.

SINDANO: Na ndoo ya maji utaipandishaje, kaka?

NONDO: Lifti! Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sasa bila lifti utamngoja mpaka lini? Swali letu ndiyo hilo: lifti ipo?

Tukapiga makofi. Mzee Sera akakohoa, maana yeye hawezi kupitwa na makofi ya mwenzake. Alikuwa tarishi wa ofisi ya mipango miji hadi alipostaafu, na amebeba mafaili ya sera mpaka jina likamganda.

MZEE SERA: Tulieni, vijana. Hapa kwenye rasimu pameandikwa "maendeleo endelevu". Maana yake hayasimami. Leo ghorofa nane, mwakani kumi, mwaka unaofuata kumi na mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

NONDO: Yaani mtu ajengewe juu ya kichwa changu?

MZEE SERA: Ndiyo uendelevu wenyewe huo.

NONDO: Basi nahamia ya mwisho, popote itakapofika!

Akainuka, akafuta jina lake ghorofa ya nane, akaliandika juu kabisa, karibu na bati. Ilibidi apande juu ya benchi, na mimi nikamshika kiuno asije akatuvunjia vikombe.

SINDANO: Jamani, swali ni maji! Rasimu inasema mvua ivunwe. Paa zima liwe bwawa, tufuge samaki. Mchimba kisima huingia mwenyewe, kwa hiyo na pa kuogelea tutakuwa napo!

MAMA BIRIKA: Bwawa likivuja, we Sindano?

NONDO: Livuje, mama! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi riziki yangu ni kuta, nizibe ufa ili nife njaa?

MZEE SERA: Mnawaza madogo. Paa ni la kuvunia jua. Jengo letu litatoa umeme mpaka utubakie, tuwauzie jiji. Na wakichelewa kulipa...

WOTE: Tunawakatia!

Tulipiga kelele hizo mpaka muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akasimama kutazama kama kuna ugomvi. Nasema kweli, nilikuwa na furaha. Nilijiona nimesimama kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, cherehani limepata mwanga wa kutosha, nami nalitazama jiji lisilolipa likikaa gizani.

SINDANO: Na wewe Mama Birika, hujasema neno. Tumekupa ya chini, benchi mlangoni. Huna swali?

MAMA BIRIKA: Mimi sina makuu, wanangu. Nataka jiko liwe na mlango wake. Nguo zangu zote zinanuka kahawa, hata za msibani. Nataka nilale siku moja sehemu isiyonuka kahawa.

NONDO: Mama, wewe tutakuwekea milango miwili!

Akacheka akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema ni moshi. Hapo ndipo tulipomwona mwanamke amesimama kando yetu, godoro limeviringishwa kichwani, sufuria mkononi.

MGENI: Hamjambo, wenyeji? Natafuta chumba cha kupanga. Hata kidogo.

MAMA BIRIKA: Hatujambo, mwanangu. Tua mzigo kwanza. Umetokea wapi?

MGENI: Mtaa wa nyuma ya soko. Tumevunjiwa, tunajengewa maghorofa.

Kijiwe kikalipuka. Tukasukumana kumpisha nafasi benchini kama vile bibi harusi kaingia.

NONDO: Hongera sana, dada! Lifti mmepata?

SINDANO: Na bwawa?

MGENI: Sijui, kaka zangu. Bado ni shimo. Wamesema tutarudi, ila mtaa mzima tumetoka siku moja, kila chumba ninachouliza kimeshachukuliwa.

Akautazama ukuta, akasoma majina yetu moja moja mpaka la Nondo kule batini. Akatabasamu.

MGENI: Kumbe na nyie! Jengo zuri. Na wakati wanajenga, mtalala wapi?

Mzee Sera alilamba kidole, akafungua rasimu. Akaipitia mbele kwenda nyuma, kisha nyuma kuja mbele. Mimi nikasubiri mtu aseme methali.

MAMA BIRIKA: Nondo mwanangu, ghorofa nane huchukua muda gani?

NONDO: Fedha zisipokwama, mama... Zege nalo lazima likauke...

Nondo alikuwa analifuta vumbi la chaki kwenye vidole vyake, na mama alikuwa anatazama dirisha lake.

Kisha akainua birika, akamiminia mgeni. Kikombe hakikujaa, ndiyo ilikuwa kahawa ya mwisho.

MZEE SERA: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwepo, methali iliangukia mahali pake. Tukainuka. Nondo akalibeba godoro kuelekea mlangoni.

MGENI: Jamani, chumba chenyewe nitakilipia...

MAMA BIRIKA: Ingiza, Nondo, lisimamishe nyuma ya magunia. Leo tutabanana. Wewe mwanangu, kunywa upesi twende wote ukumbini.

SINDANO: Nani atauliza?

MAMA BIRIKA: Mimi.

Akafunga dirisha. Njiani alitutangulia, sisi nyuma yake kama watoto, na alikuwa anarudiarudia kwa sauti ndogo ili asije akasahau mbele za watu: "Wakati mnajenga, tutalala wapi? Wakati mnajenga, tutalala wapi?"