Bakuli Lililofunikwa

Mheshimiwa Chifu Kanjiwa, Mchungaji wetu, wazee wangu, ndugu wageni mliotoka vijiji vya jirani, nanyi akina mama ambao bado mnanukia moshi wa jikoni, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nifungue baraza hili la kulia chakula pamoja. Nitasema machache, maana nsima, ugali wetu, inapoa na Chifu ameshaanza kuitupia jicho.

Nani kati yenu anakumbuka barazani kwa Nambewe? Jamani, nilizipenda jioni zile! Kila nyumba ilileta bakuli lake limefunikwa, tukala pamoja, wanaume huku, sisi watoto na mama zetu kule, na hakuna aliyeuliza tonge hili limetoka kwa nani.

Mwaka ule wa njaa, baada ya mvua kukatika mapema, mama aliniambia nibebe bakuli letu kama kawaida. Nilipolitia kichwani nikaona ni jepesi, nikamwambia halina kitu. Akanijibu, "Wewe beba. Tusipoonekana, watajua."

Tulipofika, Nambewe alilidaka kabla sijalishusha, akamtania mama mbele ya watu: "Lete huku, mwenzangu, mikono yako haikawii kumwaga." Akaingia nalo jikoni. Lilitoka limejaa, na mboga ya majani ya maboga pembeni. Watu walicheka, mama naye akacheka. Januari yote, mwezi wa njaa kabla ya mavuno, ilikwenda hivyo, na mama hakuinamisha uso hata siku moja.

Leo tuna kuta nzuri na kila mtu anakula kwake. Januari iliyopita tuliona moshi kwa jirani yetu mmoja, tukasema, ah, wale wamepika. Kumbe chungu kilikuwa na maji matupu, ili sisi tusijue! Tulikuja kujua walipokwisha kuhama na watoto wao. Tulikuwa wapi sisi? Inaniuma mpaka leo, wala sioni haya kusema.

Kwa hiyo baraza hili lina sharti moja, na Chifu ameridhia: kila nyumba italeta bakuli limefunikwa, liwe na kitu au lisiwe na kitu. Yatafunuliwa jikoni, na akina mama wa zamu watafunga midomo. Ndiyo, Chifu, hata wewe utaleta.

Nambewe ametangulia mbele ya haki. Namshukuru yeye kwanza, kisha ninyi mliojenga hapa kwa mikono yenu, na asanteni kwa kunitegea sikio. Nami sikuja mikono mitupu. Bakuli langu hili hapa, lile lile la mama, limefunikwa. Njooni mlipokee, na msiniulize kama ni zito.