Mwalimu Aliyepigwa Akiandika Tarehe za Homa

Shangazi yetu alizaliwa tarehe 3 Juni 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe. Mkunga alisimulia hadi uzeeni kwamba alitoka amekunja ngumi, na jamaa hawakuona sababu ya kumbishia.

Alianza shule mwaka 1959, akafukuzwa wiki mbili kwa kumvunja jino mvulana aliyemnyang'anya kaka yake, yaani baba yangu, viatu. Mwaka 1972 alihitimu chuo cha ualimu, na baadaye akawa mwalimu mkuu. Wanafunzi tulimwita Shubiri. Methali yake ilikuwa moja, mchelea mwana kulia hulia yeye, na alichapa kwa nguvu. Sitasema vinginevyo leo eti kwa kuwa yumo jenezani.

Mwaka 1978 aliolewa na fundi redio, mtu mpole. “Nyumbani kwangu kuna vyombo viwili vya kelele,” mumewe husema, “na kimoja tu ndicho chenye kitufe.”

Machi 1989, nikiwa na miaka tisa, nililala siku nne kwa homa na mafua. Niliporudi shuleni alinichapa. Kwenye rejista aliniandika mtoro, pamoja na wenzangu kumi na wanane. Wiki tano baadaye homa ilinirudia kwa fujo. Tezi za shingo zilivimba kama mayai, na nilipiga mayowe nikiguswa tu. Madaktari walisema ni saratani. Dawa kali zingeanza Jumatatu. Mmoja wao aliuliza kama shuleni kulipita homa.

“Hakuna,” shangazi alijibu. “Kulikuwa na utoro.”

Jumamosi aliisoma upya rejista yake, akaona watoro wote kumi na tisa tulikosa shule karibu siku zilezile. Jumapili aliwaita wazazi shuleni.

“Watoto wenu walikuwa wagonjwa, nami niliwachapa. Nataka tarehe homa ilipoanza, mmoja mmoja.”

“Wangu alilala kifudifudi siku mbili!” mama mmoja alipiga kelele, akamrushia kiti. Wengine wakamvamia kwa ngumi, mateke na fimbo yake mwenyewe. Mkono wa kushoto ukavunjika. Wa kulia haukuachia kalamu.

“Pigeni, lakini semeni tarehe!”

Mpaka baba mmoja akaona haya, akaitaja. Wengine wakafuata.

Alifika hospitali akivuja damu, akamwekea daktari rejista mezani. Dawa ziliahirishwa, vipimo vikarudiwa. Haikuwa saratani. Mwili wangu ulikuwa umeshinda kirusi cha homa ile ya Machi lakini haukuacha kupigana, ukajishambulia wenyewe. Nilipewa dawa za kuutuliza, nikapona. Shangazi alivuliwa ukuu, akafundisha bila fimbo hadi alipostaafu mwaka 2006.

Alipata kiharusi Agosti 2023, akafariki tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi. Siku tatu kabla aliniuliza, “Nilikuchapa ngapi siku ile?”

“Nimeshasahau, shangazi.”

“Sita. Usije ukawadanganya watu makaburini.”

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, kaka yake, na mimi. Zilikuwa sita, ziliniuma, na nilimpenda sana. Shangazi, pumzika sasa kwa amani.