Mzee Kalisti na Injini Iliyolala

Mzee Kalisti Rafaeli, nahodha wa boti ya Hifadhi ya Ghuba ya Kuhe, Kipili, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1997, baada ya miaka thelathini kamili ya kazi. Nyie wa Sumbawanga mnaokunywa soda hapa ukumbini mnamwona mpole. Sisi wa majini tunamjua.

Aliteremka ziwani mwaka 1967 kutoka Kaengesa, mtoto wa wakulima wa ulezi, hajui hata kuogelea. Mpaka leo hajui. Lakini mweke ghubani ukungu ukiwa mzito, atakuonyesha kila jiwe kwa kidole. Enzi hizo boti ilikuwa ya makasia, naye ana mabega kama milango ya kanisa. Injini ilipokuja, aliitazama kama mkwe asiyemtaka.

Ana desturi moja. Tukifika mazalia, pale mchangani ambapo samaki kuhe hutaga na kulinda watoto wao, anazima injini na kushika kasia. Ukimuuliza, anajibu: "Wamelala." Basi. Migongo yetu inaijua sana desturi hiyo.

Mwaka 1994 neno mwekezaji lilikuwa bado jipya, tukilitamka taratibu kama jina la askofu. Kiwanda cha minofu cha jirani kikaomba mpaka wa hifadhi usogezwe, kijenge gati juu ya mazalia. Kamati ikaja kuzungushwa ghubani ndipo iamue. Bwana Adriano wa kiwandani, viatu vyeupe, akapanda nasi na kutoa amri: leo hakuna makasia, ni aibu mbele ya wageni, pitieni mbali na kiwanda, mwendo kasi.

Injini niliifunga mimi, Obed, fundi ninayeifungua na kuifunga nikiwa nimefumba macho, hilo halina ubishi. Katikati ya mazalia ikakata pumzi. Mzee, kiko mdomoni, akanung'unika neno moja. Wote tukasikia "Imelala." Nikavuta kamba mpaka viganja vikachubuka.

"Fundi gani huyu?" Adriano akafoka.

"Wa darasa la saba," mzee akajibu, wala hakucheka.

Upepo ukatusukuma polepole hadi kwenye bomba la kiwanda, ambalo kamati haikuwahi kuambiwa kwamba lipo. Damu, matumbo ya samaki, vitoto vya kuhe vikielea chali. Mwenyekiti akaziba pua kwa tai yake. Mpaka haukusogezwa hata hatua moja.

Ila mimi nikapewa barua ya onyo: uzembe wa matengenezo. Miaka mitatu naitwa Fundi Usingizi.

Mwezi uliopita mzee aliingia kwa mkuu wa kituo, kofia mkononi, akakiri kwamba siku ile mpira wa mafuta ulikuwa umebanwa chini ya buti lake. Alijua kabisa kwamba angeweza kuondoka kazini na doa. Akasahihisha na lile neno: hakusema "Imelala," alisema "Wamelala." Hakumdanganya mtu, masikio yetu ndiyo mabovu. Onyo limeondolewa kwenye faili langu, Bi Bertha wa masijala shahidi.

Asante, mzee, kwa ghuba, na kwa jina langu. Tukifika mazalia nitazima mwenyewe, tena bila buti. Shikamoo. Nenda Kaengesa, umwambie mkeo, Mama Silvana, asikuamshe kabla ya saa tatu. Huku tunapiga makasia.