Marehemu Peninah Kageha na Haibiskasi ya Balsall Heath

Marehemu Peninah Kageha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 huko Chavakali, Maragoli, mtoto wa pili wa marehemu mzee Jairus Asava na mama Milka Vihenda. Boma lao lilizungushiwa haibiskasi za maua mekundu, na Peninah ndiye aliyetumwa kuzikata kila zilipozidi urefu. Vijiti alivyovitupa njiani vilishika mizizi papo hapo, hata majirani wakasema mtoto huyu akitupa takataka, huota.

Alisoma Chavakali, kisha Kaimosi, na Februari 1967 akaja Birmingham kusomea uuguzi. Alihitimu mwaka 1970, akahudumu katika wodi ya wazee hadi alipougua. Hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Daktari aliyemkemea mgonjwa mbele yake alijibiwa bila kusubiri kesho.

Tarehe 19 Julai 1969 alifunga ndoa na Cleopas Kisia, fundi katika kiwanda cha magari, kwenye ibada ya Kanisa la Marafiki. Mwaka 1971 walijaliwa binti yao wa pekee, Magdalene. Nyumba yao ya mtaa wa Balsall Heath ilikuwa na bustani isiyozidi mkeka kwa upana. Agosti 1972 Peninah aliona haibiskasi ya zambarau imechanua kwenye uwanja wa nyumba moja huko Moseley, mtaa wa jirani, akaduwaa mpaka basi likamwacha. Mwenye nyumba alimkatia vijiti vitatu, na kimoja kikashika. Katika ukame wa 1976, ilipokatazwa kumwagilia bustani kwa mpira, aliinywesha maji aliyooshea vyombo.

Aina hiyo si ile ya Maragoli. Hupukutisha majani yote wakati wa baridi, na huamka baada ya miti mingine yote.

"Ukiwa na shaka, kwaruza gome kwa ukucha," alimwambia mumewe. "Ukiona kijani, iache."

Cleopas aliitikia huku akisoma gazeti.

Saratani ya titi iligunduliwa Oktoba 1976. Peninah aliomba jambo moja tu: azikwe hapa Birmingham, karibu na bintiye, na haibiskasi yake ihamishiwe kaburini.

Yanayofuata, Cleopas ameomba yasomwe bila kupunguzwa. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 11 Aprili, madaktari walisema mgonjwa angeruhusiwa kuja nyumbani kwa siku mbili. Cleopas akachungulia nje. Miti ya majirani ilikuwa imevaa majani, lakini haibiskasi ilikuwa fimbo tupu. Kwao Maragoli, haibiskasi isiyo na jani imekufa. Hakutaka mkewe apokewe na mti mfu, kwa hiyo akaing'oa na kuichoma moto. Hakukwaruza.

Hali ya Peninah ikawa mbaya zaidi, asije nyumbani tena. Kesho yake aliuliza, "Imechipuka?"

"Imechipuka, Mama Magda."

"Mwezi wa nne?" Akamshika mkono. "Haya. Ni vizuri."

Hakuuliza tena. Alifariki dunia tarehe 2 Mei 1977, saa nne asubuhi.

Kwenye matanga, Cleopas alimweleza jirani yao Bi Harbans Kaur, mzaliwa wa Nakuru, jinsi alivyomdanganya mgonjwa.

"Wewe, bwana!" alisema Bi Harbans. "Hii mti haiamki mbele ya mwisho ya mwezi ya tano. Peninah alijua!"

Cleopas aliketi sakafuni akalia. Mkewe alikuwa ameutambua uongo wake siku ileile, akamstahi, akaondoka nao kimya. Bi Harbans alikwenda kwake, akarudi na mkebe wa samli wenye kijiti cha haibiskasi ile, alichopewa na Peninah mwaka jana.

Marehemu ameacha mume, Cleopas. Binti, Magdalene, wa miaka sita. Mama yake, Milka, aliyeko Chavakali. Na kaka yake, Barnabas, anayesoma wasifu huu.

Leo, tarehe 12 Mei, kijiti hicho kitapandwa upande wa kichwa cha kaburi. Hakina jani hata moja. Mtakaokuja kumtembelea, nanyi mnaofyeka makaburi, tafadhalini msiking'oe. Kwaruzeni kwanza.

Pumzika kwa amani, Kageha. Safari hii tutangoja.