Tay Teryo na Alama Zake Nne

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bwana Eleuterio Sumagaysay, ambaye sote tunamwita Tay Teryo, yaani Baba Teryo, anastaafu. Kwa miaka kumi na tisa amelitunza jukwaa la mtandaoni la chama chetu cha familia za mabaharia hapa Iloilo, Ufilipino.

Alianza akiwa mpokea simu. Jukwaa lilipofunguliwa, yeye ndiye aliyeamua kwamba kisanduku cha kuandikia kikubali alama nne tu za HTML, lugha ya kupangia kurasa za mtandao: ya herufi nzito, ya mlazo, ya aya mpya na ya kiungo. Rangi, picha na herufi zinazotembea vilifutwa kabla ujumbe haujatoka. Mtandao wa melini ni mwembamba kama uzi, na ukurasa uliojaa mapambo haufunguki huko.

Si wote waliomwelewa. Nay Loreta, yaani Mama Loreta, alimwandikia mumewe aliye melini salamu za siku ya kuzaliwa zenye mawaridi ya rangi saba. Yakabaki maneno sita. Akaja ofisini, mwavuli mkononi.

"Wee Teryo! Maua yangu umeyala?"

"Yalikuwa mazito, Inday," akamjibu, akimwita dada kwa lugha ya kwetu. "Meli ingezama nayo."

"Usipoyarudisha utazama wewe, tena hapa hapa!"

Tay Teryo akamkalisha, akampa kahawa, akafungua ukurasa wenye maua kwa kasi ya mtandao wa melini. Kahawa ikaisha, waridi la kwanza halijapata shina. Akafungua yale maneno sita, yakatokea papo hapo. Nay Loreta akayasoma, kisha akauliza kama anaruhusiwa kuongeza la saba.

Herufi nzito aliziweka akiba kwa dharura. Siku moja mwanachama alisahau kuifunga alama yake, salamu zote zilizofuata zikawa nzito, na meli tatu zikapiga simu kuuliza nani amefariki. Tangu hapo Tay Teryo alipitia kila ujumbe kwa macho yake.

Kimbunga kilipopiga, aliandika majina ya familia zilizo salama, moja baada ya jingine, kwa herufi nzito, maji yakiwa yamemfika magotini. Papa, yaani baba yangu, alikuwa melini Atlantiki, siku ya nne bila habari zetu. Ukurasa ukafunguka, akatukuta humo: Mama, mimi na mdogo wangu Dodong.

Mwezi ujao tunapata kisanduku kipya chenye vitufe vya rangi na picha. Ni kizuri, nimekijaribu. Manang Weng, yaani Dada Weng, anayechukua nafasi ya Tay Teryo, hajasema kama ule mpaka wa alama nne utabaki. Lakini karatasi ya zile alama nne, iliyobandikwa kwenye kompyuta ya zamani, ameihamishia kwenye mpya.

Asante, Tay Teryo. Nenda kapande mawaridi ya rangi zote, hakuna atakayeyafuta. Uwe na afya, na siku zako ziwe nyepesi. Salamu hizi zitawekwa jukwaani Ijumaa asubuhi. Nimetumia alama zako tu, ili Papa, aliye baharini hadi Desemba, apige makofi pamoja nasi.

Jessa Mae Palomar, darasa la tisa, kwa niaba ya watoto wa chama